Uzoefu wangu na Alumacraft ya zamani ya futi 14 iliyoundwa Minneapolis

Boti ninayoieleza hapa ni Alumacraft ya uvuvi yenye urefu wa futi 14. Bodi yake ni ya alumini iliyoungwa kwa ribiti (pini za chuma zinazobondwa ncha ili zishike bati), haina sitaha, ina viti vitatu vilivyokingama kutoka ubavu hadi ubavu, na ilitoka kiwandani Minneapolis kabla kampuni hiyo haijahamia mji wa St. Peter, kusini zaidi katika jimbo hilohilo la Minnesota. Niliinunua pamoja na trela yake kwa dola 650 kutoka kwa mtu binafsi, nikaikarabati, na sasa ndiyo ninayovulia. Naandika kwa ajili ya wazungumzaji wenzangu wa Kiswahili wanaoishi Minnesota na majimbo ya jirani, ambao wengi wao wakitaka kuanza uvuvi huenda moja kwa moja kwa muuzaji wa boti mpya na kuingia mkopo wa miaka, ilhali boti za namna hii zimelala nyuma ya nyumba za watu zikisubiri mnunuzi anayejua anachokiangalia.

Si ajabu kwamba zimejaa sehemu hizi. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Marekani ilibaki na alumini nyingi na mafundi waliozoea kuunga mabati yake kwa ribiti katika viwanda vya ndege. Kampuni ya Grumman, iliyounda ndege za kivita za Hellcat, iligeukia mitumbwi ya alumini baada ya mmoja wa wakuu wake, William Hoffman, kuchoshwa na uzito wa mtumbwi wa mbao aliokuwa akiubeba katika milima ya Adirondack mwaka 1944. Huku Minnesota, Alumacraft ilianza mwaka 1946 chini ya Flour City Ornamental Iron, kampuni ya Minneapolis iliyokuwa ikifua vyuma vya mapambo ya majengo. Crestliner ilianza mwaka huohuo mjini Little Falls, na mwaka 1948 Howard Lund akaanzisha kampuni yake ya boti mjini New York Mills. Kwa hiyo, anayeishi hapa na kununua boti ya zamani ya alumini ana nafasi nzuri ya kupata chombo kilichoundwa mwendo wa saa chache tu kutoka nyumbani kwake.

Katika kuitambua, rangi na vibandiko visimshughulishe mtu sana. Boti nyingi zimepakwa rangi upya, na vibandiko vinavyoiga vya zamani vinauzwa madukani. Mimi hutazama kwanza upande wa nje wa tezi, yaani ubavu wa nyuma wa boti inapofungwa injini, juu, mkono wa kulia. Kuanzia tarehe 1 Novemba 1972 sheria ya Marekani iliwataka waundaji wote kuandika hapo namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12, ambapo tatu za mwanzo humtaja muundaji, tano zinazofuata ni za chombo chenyewe, na nne za mwisho hueleza tarehe. Hizi nne huwachanganya wengi. Hadi mwaka 1984 waundaji wengi waliandika herufi M, kisha mwaka wa modeli, kisha herufi ya mwezi, na miezi hiyo ilihesabiwa kuanzia Agosti: A ni Agosti, B ni Septemba, C ni Oktoba. Kwa hiyo M74C ni boti ya modeli ya 1974 iliyokamilishwa Oktoba 1973. Yangu haina namba hiyo kabisa, wala hakuna dalili kwamba iliwahi kusuguliwa ikafutika. Ina kibao kidogo cha kiwanda kilichopigwa ribiti, kimeandikwa Minneapolis na namba fupi ya mfululizo. Mambo hayo mawili yananitosha kusema kwamba ni ya kabla ya Novemba 1972, na sihitaji kubuni mwaka kamili ili kuipandisha thamani, kama wauzaji wengine wanavyofanya.

Sasa nije kwenye ribiti, kwa maana hapo ndipo boti ya aina hii inapopendeza au inapoudhi. Ribiti za kiwanda ni vipande vya alumini visivyo na uwazi ndani; kichwa kiko nje, na mkia umebondwa kwa ndani hadi ukatanuka. Ukipitisha kiganja polepole kando ya mkuku, yaani uti wa chini wa boti, unaisikia mistari yake ikiwa imenyooka, vichwa vikiwa vimelingana na vimelala sawasawa juu ya bati, na kusema kweli kazi hiyo ya mikono ndiyo iliyonifanya niipende boti hii kabla sijaiingiza majini. Mmiliki mmoja wa zamani alikuwa ameziba sehemu tatu kwa ribiti za kisasa za kuvuta kwa koleo. Hizo unazijua mara moja, kwa sababu kichwa chake kina kitobo katikati, na kitobo hicho hupitisha maji. Nilizitoa zote, nikaweka ribiti nzima.

Kuhusu kuvuja, njia niliyoitumia ni ile ya kugeuza mambo: badala ya kuingia ziwani na kutafuta maji yanapoingilia, niliegemeza bodi vizuri kwenye trela, nikafunga kizibo cha tundu la kutolea maji, nikamimina maji ndani kiasi cha kufunika mataruma, yaani vile vipande vinavyokingama sakafuni mwa boti, kisha nikalala chini na chaki mkononi. Usijaze kupita hapo, kwani lita moja ya maji ni kilo moja na bodi haikuundwa kubeba mzigo huo ikiwa nchi kavu. Baada ya dakika chache matone yalianza kuonekana, mengi yakiwa karibu na kiti cha nyuma, mahali ambapo mtikisiko wa injini huchosha bati. Kila ribiti iliyotoa tone niliizungushia chaki. Boti ilipokauka, rafiki yangu alishikilia pande la chuma zito kwenye kichwa kwa nje, nami nikagonga mkia kwa ndani kwa nyundo hadi ribiti ikakaza. Fundi wa mashua wa pwani anayepiga kalafati, yaani anayeziba nafasi kati ya mbao, angeielewa kazi hii bila kuelezwa: sauti ya nyundo hubadilika pale kiungo kinaposhika. Ribiti chache zilizokuwa zimelika nilizibadilisha, na juu ya mistari yote nikapaka gundi ya epoksi kwa ndani. Nilishauriwa kuchomelea, nikakataa, kwa sababu joto la kuchomelea huondoa ugumu uliotiwa katika alumini ya namna hii, nalo bati jembamba lenye umri huu hupasuka pembeni mwa weldi.

Ubao wa tezi ulikuwa umeoza. Hili ni jambo la kutarajiwa katika boti yoyote ya umri huu iliyoachwa nje ikajaa majani na maji ya mvua, na njia ya kulijua ni kushika injini, au mahali pa kuifungia, kisha kuvuta na kusukuma kwa nguvu. Tezi ikicheza, ubao umekwisha. Nilitengeneza mpya kwa plaiwudi ya majini, matabaka mawili yaliyogandishwa hadi unene wa inchi moja na nusu, nikazipaka kingo zote epoksi. Tafadhali usitumie mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, hata kama ni rahisi na zinapatikana kila duka. Dawa hizo nyingi zina shaba, na shaba ikigusana na alumini penye unyevu, alumini huliwa hadi kutoboka. Kwa sababu hiyohiyo sarafu ya shaba ikianguka chini ya mataruma itafute mpaka uipate.

Majini boti hii imenitosheleza kuliko nilivyotarajia. Ninaisukuma kwa injini ya nguvu farasi 10, na tukiwa watu wawili na vifaa vyetu inainua omo, yaani sehemu yake ya mbele, haraka na kwenda bila kuyumba. Ni nyepesi kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuivuta mchangani, na katika maziwa madogo yasiyo na gati za kushushia trela hiyo ni faida kubwa. Lakini wepesi huo una gharama yake. Upepo ukivuma kwa ubavu omo hupeperushwa, na anayetaka kutulia mahali pamoja kuvua samaki aitwaye walleye itambidi atumie nanga mbili. Bati pia hupiga kelele. Koleo likianguka, mlio husambaa ndani ya maji. Nimetandika mpira mzito kati ya viti, na tatizo limepungua sana. Viti vyenyewe ni vigumu kwa mtu wa kukaa kutwa nzima, na sikuviondoa, kwa kuwa ndivyo vinavyoshikilia mbavu zisitanuke na ndani yake mna sponji ya kuielesha boti ikijaa maji. Anayevikata ili apate nafasi anaidhoofisha boti na kujihatarisha.

Ningeipa nyota nne kati ya tano, na moja inayokosekana ni kwa ajili ya maziwa makubwa kama Mille Lacs, ambako mawimbi ya mchana hayaifai kingo fupi hivi. Kwa bei, bodi iliyonyooka yenye ribiti za asili, hata kama ubao wake umeoza, naona inastahili dola 400 hadi 700 pamoja na trela. Iliyotobolewa kwa ulaji wa shaba au yenye ufa kwenye mkuku nisingeichukua hata kwa bure. Usiisugue ing'ae kama kioo, maana ule ukungu wa kijivu ndio ngozi inayoilinda. Wakati wa baridi naipindua juu ya magogo yasiyotiwa dawa, kizibo kikiwa kimetolewa, na kizibo hichohicho sheria ya Minnesota inataka kiwe kimetolewa kila unapoisafirisha barabarani, ili maji ya ziwa moja yasipeleke kome vamizi katika ziwa jingine.