Uzoefu wangu: giaboksi ya otomatiki ya Legacy ya 2004 ndani ya Subaru STI ya 2010

Kazi ninayoieleza hapa ilifanywa katika gereji moja ya Nakuru, na nimeiendesha kwa muda wa kutosha kuweza kusema lililo zuri na lililo baya bila haraka. Gari ni Subaru Impreza WRX STI ya milango mitano, msimbo GRB, lenye injini ya EJ207 ya lita mbili na giaboksi ya mkono ya gia sita. Giaboksi iliyochukua nafasi yake ni otomatiki ya gia tano iliyotoka kwenye Legacy GT ya mwaka 2004, yaani kifaa kilichobuniwa kwa kizazi cha Legacy kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 2003, kabla GRB haijazaliwa.

Wengi huniuliza kwa nini nililifanyia gari la mbio jambo kama hilo. Goti langu la kushoto lilifanyiwa upasuaji, na klachi ya STI ni nzito, hasa kwa mtu anayepanda kutoka Salgaa kuelekea Sachangwan nyuma ya msururu wa malori yanayokwenda kasi ya mtembea kwa miguu. Subaru wenyewe walitengeneza STI ya otomatiki mwezi Februari 2009, ile ya A-Line, lakini magari hayo ni adimu hapa kwetu, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo huwezi kuagiza moja leo. Kuuza gari nililolitunza kwa uangalifu ili ninunue jingine ambalo historia yake siijui hakukunivutia.

A-Line ndiyo iliyonipa imani kwamba jambo hili linawezekana, kwa sababu inathibitisha kwamba giaboksi ya gia tano inakaa ndani ya bodi ya Impreza ya kizazi hicho bila kukata chuma. Hata hivyo, hiyohiyo A-Line ina onyo ambalo mafundi wengi hawalitaji. GRB ya mkono inatoa nguvu-farasi 308 na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 422. A-Line, ambayo ina injini kubwa zaidi ya lita 2.5, ilipewa nguvu-farasi 300 na torki ya Nm 350 tu. Kiwanda chenye injini kubwa kikichagua kupunguza torki kwa kiasi hicho, mimi nasoma hapo kwamba walikuwa wakiilinda giaboksi. Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwa gereji lilikuwa kwamba kompyuta ya injini ipangwe upya ili torki isipite kiwango hicho cha A-Line. Fundi wa kompyuta alisikitika waziwazi, kwani alikuwa amezoea wateja wanaotaka iongezwe.

Upande wa vyuma ulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Giaboksi ilipatikana Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ikiwa imetoka Japani pamoja na toki konvata yake (kifaa cha oili kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi badala ya klachi ya mguu), na boliti za kuiunganisha na injini zilikubali bila ubishi. Flaiwili nzito, lile gurudumu la chuma nyuma ya injini, ikatolewa, ikawekwa sahani nyembamba ya kushikia toki konvata. Pedali ya klachi ikaondolewa. Propela ikapimwa, ikarekebishwa na kusawazishwa. Radieta ya gari la mkono haina njia ya kupoza oili ya giaboksi, kwa hiyo ilifungwa kipozeo cha pembeni mbele ya radieta, na hapo nilisisitiza kiwe kikubwa kuliko kilichopendekezwa, kwa kuwa gari hili hushuka Kisumu mara kwa mara na joto la huko si la Nakuru.

Jambo ambalo ningependa kila anayefikiria kazi hii alielewe ni difu, yaani meno yanayogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia. Katika Subaru ya aina hii, difu ya mbele iko ndani ya giaboksi yenyewe, na uwiano wake (shafti inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa gurudumu) lazima ulingane na wa difu ya nyuma. Giaboksi ya Legacy ilikuja na uwiano wa 3.272, ilhali difu ya nyuma ya STI, ile imara ya R180, ina 3.900. Tofauti hiyo ni ya karibu asilimia 19. Gereji ya kwanza niliyoiendea, ambayo sitaitaja, ilinishauri niiache difu ya nyuma kama ilivyo kwa kuwa “ni ngumu, haivunjiki.” Ni kweli haivunjiki, kitakachovunjika ni kifaa cha katikati kinachounganisha mbele na nyuma, kwa sababu magurudumu ya mbele na ya nyuma yangekuwa yanavutana kila mita ya barabara, na oili ingechemka kabla sijafika Njoro. Niliondoka hapo siku hiyohiyo. Gereji iliyofanya kazi ilitafuta difu ndogo zaidi ya R160 yenye uwiano wa 3.272 pamoja na ekseli zake za nyuma, kwani meno ya ekseli za R180 hayaingii kwenye R160. Hapo nilipoteza sehemu ya thamani ya STI, na inaniuma hadi leo, lakini hapakuwa na njia ya mkato iliyo salama.

Pamoja na hayo ilikwenda pia ile difu ya kati ambayo dereva wa STI huirekebisha mwenyewe kwa swichi. Giaboksi ya otomatiki ina mfumo wake, unaogawa nguvu asilimia 45 mbele na 55 nyuma, ukiwa na klachi ndogo ya oili inayozuia mtelezo. Kwenye lami sioni tofauti kubwa. Kwenye murramu ya Molo baada ya mvua naiona, maana pua ya gari haigeuki tena mapema kama zamani.

Kisha kukaja umeme, na hapo ndipo muda na fedha vilipokwenda. Giaboksi hii haijiamulii kitu. Inaongozwa na kompyuta yake, na kompyuta hiyo inategemea kuzungumza na kompyuta ya injini ili ijue mafuta yamekanyagwa kiasi gani na injini inatoa torki kiasi gani. Fundi alianza kwa kufunga kompyuta ya Legacy ileile iliyokuja na giaboksi. Gari liliwaka, likaingia gia, kisha likang'ang'ania gia moja na kukataa kubadilisha. “Mzee,” aliniambia, “hii giaboksi ni nzima, lakini haimsikii injini.” Kompyuta ya injini ya 2010 ilikuwa ya gari la mkono na haikujua kwamba kuna giaboksi ya kuzungumza nayo, na hata kama ingejua, ya Legacy ilitoka kizazi kingine.

Njia mbili zilibaki. Ya kwanza ilikuwa kuagiza kutoka Japani kompyuta zote mbili za A-Line na waya zake, kisha kuipanga upya ile ya injini, kwa kuwa iliandikiwa lita 2.5 na si lita mbili. Ya pili ilikuwa kompyuta huru ya giaboksi, ambayo haihitaji idhini ya injini: inasoma kiasi cha mafuta na kasi ya shafti, kisha inafungua na kufunga solenoidi (vali za umeme za giaboksi) kwa mpangilio unaouandika mwenyewe. Tulichagua ya pili. Ubora wake ni kwamba kila kitu kinaweza kurekebishwa kwa kompyuta ya mkononi, ikiwemo shinikizo la oili na ile klachi ya kati ya kugawa nguvu. Udhaifu wake ni kwamba injini haipunguzi nguvu kwa sekunde ile gia inapobadilika, kama inavyofanya kwenye gari lililotoka kiwandani hivyo. Ukikanyaga mafuta yote na gia ikapanda kutoka ya pili kwenda ya tatu, mshtuko unasikika mgongoni. Fundi aliongeza shinikizo ili klachi za ndani zisiteleze, na kwa hiyo mshtuko ndio bei ya kuzilinda. Abiria hulalamika, mimi nimeuzoea.

Barabarani, kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho, sasa gari hili linapendeza kuliko zamani. Gia ya tano ni 0.834, na kwa difu ya 3.272 injini inazunguka karibu mara 2,200 kwa dakika ikiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, chini kidogo ya ilivyokuwa kwenye gia ya sita ya mkono. Kuanza kutoka kusimama kumepungua makali, maana gia ya kwanza imekuwa ndefu na EJ207 haiamki hadi tabo ishike. Toki konvata husaidia, lakini haitoshi kuficha jambo hilo. Kushuka kutoka Kericho kuelekea Ahero naihamishia giaboksi kwenye upande wa kuchagua gia mwenyewe na kuiacha ya tatu, nayo inatii bila kujipandishia. Kwenye msongamano wa Kondele goti langu limepumzika, na hilo ndilo nililolipia.

Oili inahitaji umakini. Giaboksi nzima hubeba karibu lita 10, lakini ukifungua nati ya chini hutoka sehemu tu, nyingine ikibaki ndani ya toki konvata, na kipimo husomwa injini ikiwa inanguruma na oili ikiwa moto. Difu ya mbele ina oili yake tofauti na nati yake tofauti. Mwambie fundi yeyote jambo hilo kabla hajaingia chini ya gari, hata kama ana miaka mingi kazini, kwa kuwa kumwaga ile isiyo yenyewe ni rahisi mno.

Taa ya difu ya kati kwenye dashibodi bado inamulika, kwa sababu kompyuta yake inatafuta koili ambayo haipo tena. Gereji ilijitolea kuitoa balbu, nikakataa. Napendelea taa hiyo izimwe kwa njia ya haki, na kazi hiyo wanadaiwa.

Kuhusu gharama, giaboksi yenyewe ilikuwa kitu cha bei nafuu kuliko vyote vikubwa. Kompyuta huru, waya na saa za fundi wa kuipanga vilizidi bei yake maradufu, na difu ya nyuma na ekseli zake hazikuwa mbali. Anayepewa bei ya “giaboksi na kufunga” peke yake hajapewa bei. Kwa kazi ya vyuma gereji hii naipa alama za juu, na kwa subira yao na umeme pia. Kwa mawasiliano siwapi, maana mara nyingi nililazimika kwenda mwenyewe ili kujua gari limefikia wapi. Kitu cha mwisho nilichowadai kabla ya kulipa salio kilikuwa mchoro wa waya zote walizoongeza, kila rangi na kila pini, uliochorwa kwa mkono na kutiwa sahihi. Nakala moja iko nyumbani na nyingine iko ndani ya gari, kwa kuwa likikataa nikiwa Kakamega au Busia, hakuna kitabu cha Subaru kitakachomsaidia fundi wa huko.