Rozari ya uzi au ya mnyororo: ipi umpelekee mgonjwa?

Anayepita Bagamoyo kusali au kuitembelea misheni ya mwaka 1868 mara nyingi hutaka kurudi na rozari ya kumpelekea mgonjwa nyumbani. Kama mgonjwa yuko kitandani, na anasali Rozari ya Huruma ya Mungu aliyotuachia Mtakatifu Faustina Kowalska (1905–1938), chukua ya uzi.

Ya mnyororo inapendeza, hilo hatubishi. Ila kwa chumvi ya pwani hii, rangi ya fedha huambuka, pete huota kutu na vidole hubaki vyeusi. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye medali inayounganisha mnyororo, maana mvuto wote huishia hapo: kipete kikiachama kidogo tu, kumi zima, yaani fungu la punje 10 ndogo, linaning'inia. Ukikibana kwa koleo kitashika, lakini ukirudiarudia waya hukatika. Tena hunasa kwenye shuka na kwenye mpira wa dripu.

Uzi wa nailoni wenye punje za plastiki huoshwa kwa sabuni na kukauka upesi. Punje za mbao ni nyepesi mkononi, ila usiziloweke. Huvimba, kisha hupasuka. Uzi wa pamba uache, hunywa jasho ukaoza. Kabla ya kulipa, hesabu punje: ziwe 59, kubwa 6 na ndogo 53. Kumi lenye punje 9 au 11 humpoteza anayesali gizani, kwa kuwa huyo huhesabu kwa kidole. Vuta kila fundo, na ncha ya uzi iwe imechomwa kidogo isifumuke.

Kwenye punje 3 ndogo za mwanzo husaliwa Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki. Kwenye kubwa inayotangulia kila kumi, sala ya kumtolea Baba wa milele Mwili na Damu ya Mwanae. Kwenye ndogo, mstari mmoja wa kuomba huruma kwa ajili ya mateso ya Yesu, mara 50 kwa jumla. Mwisho ni "Mungu Mtakatifu", mara 3. Yote hayo ni kama dakika 10. Mwenye maumivu hadaiwi kutunga maneno, wala kuonyesha anastahili nini: anaegemea mateso ya Mwingine. Dawa zikimlegeza ulimi, anayemuuguza aseme nusu ya kwanza ya mstari huo wa punje ndogo, naye mgonjwa ajibu "utuhurumie sisi na dunia nzima", au asogeze punje tu. Saa yake ni 9 alasiri, alipokufa Bwana, lakini ikigongana na kusafishwa vidonda, isaliwe wakati wowote.

Baraka hailipiwi, nunua kwanza, kisha mpe padre aibariki. Muuzaji anayekuambia yake inaponya, mpite, hiyo ameigeuza hirizi. Na vikaratasi vya sala vina herufi ndogo mno kwa mtu aliyelala chali: ziandike sala zile mbili, ya punje kubwa na ya ndogo, upya kwa kalamu nene, ubandike ukutani anapoelekea.