Ukali wa mvinyo wa mabibo: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Msimu wa korosho ukifika, malalamiko ya watengenezaji wa mvinyo wa mabibo hapa Mtwara ni yaleyale: hamira imetiwa jioni, asubuhi hakuna hata povu. Wengi huilaumu hamira. Mimi naomba kwanza nioneshwe chupa ya juisi ya ndimu iliyotumika kuongeza ukali, yaani uchachu.

Geuza chupa usome maandishi madogo. Namba 211 ni sodiamu benzoeti, 202 ni potasiamu sobeti, 223 ni sodiamu metabisalfaiti. Zote zimetiwa humo kuzuia chachu, ukungu na bakteria, na huzidi makali kadiri kinywaji kinavyozidi uchachu. Vijiko vichache kwenye ndoo ya lita 20 hamira inavivumilia. Lakini nusu lita kwenye dumu la lita 5, au hamira kuamshwa ndani ya kikombe cha juisi hiyo, hapo ndipo inapolegea. Kwa hiyo ya chupa naiweka mkiani.

Ya kwanza ni asidi ya sitriki ya unga, namba 330. Kwa lita 20 za juisi ya mabibo anza na gramu 20. Yeyusha kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, mimina kabla ya hamira, kisha pima kwa karatasi za pH, kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu umepanda: kati ya 3.4 na 3.6 panatosha. Ukishuka chini ya 3, hamira inachoka na mvinyo unakwaruza koo. Nikipata kuchagua, nachagua unga wa kampuni ya Ensign ya China.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaofungua gunia na kujaza vinailoni visivyo na jina wala tarehe, tena kwa bei ambayo ukiipiga hesabu ya kilo unashika kichwa. Kwa hewa ya pwani unga huo huganda mabonge. Tia chembe kwenye maji ya magadi: usipochemka povu papo hapo, rudisha. Ukitoa povu umejua ni asidi, hujajua ni ipi. Dai kuona gunia lenyewe.

Ya pili ni ndimu mbichi, 15 hadi 20 badala ya gramu 20 za unga. Chuja kokwa, maganda yasiingie, yanatia uchungu.

Ukwaju unafaa, ila unachafua rangi. Siki usitie. Mvinyo wa choya (rozela) hauhitaji nyongeza, choya ni kali tayari.