Matairi ya gari: yapi ununue kwanza, yapi uyaache dukani

Ukiingia duka la matairi, swali ni moja tu: "Saizi gani, bosi?" Ukisema 195/65R15 unaletewa aina tatu au nne, unatajiwa bei, na kuanzia hapo mazungumzo yote yanakuwa ya kupunguziana. Yaliyo muhimu kuliko jina la kampuni yameandikwa ubavuni mwa tairi na hayatajwi kabisa: limetengenezwa lini, na linabeba kilo ngapi. Mpangilio huu nimeufanya kwa magari tunayoyaona kila siku barabarani Tanzania na Kenya, Premio, Noah, Probox, RAV4, HiAce na wenzao, yanayopita kwenye lami ya moto asubuhi na changarawe jioni.

Je, muda wa kubadilisha umefika?

Chungulia ndani ya mifereji ya tairi. Utaona vinundu vidogo vya mpira vilivyokatiza mfereji. Ubavuni mahali vilipo pameandikwa TWI au pana pembetatu ndogo. Meno yakishuka hadi kulingana na vinundu hivyo, yamebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Wengi husubiri mpaka liwe kipara kabisa, ndipo trafiki awakumbushe. Mimi nasema usifike hata huko kwenye vinundu kama masika yanakaribia. Chini ya milimita 3 mifereji haiwezi kutoa maji kwa wakati, na gari lililo mwendo wa kasi linaanza kuteleza juu ya dimbwi bila kuutii usukani.

Halafu umri. Tafuta neno DOT ubavuni, fuata mpaka mwisho wake, utakuta tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usipoziona kwa nje, inama uangalie upande wa ndani. Michelin na Continental wanasema tairi lisizidi miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama meno yake ni mazima, na Michelin wanaongeza kwamba baada ya miaka mitano ya matumizi likaguliwe kila mwaka. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, na gari linaloanikwa juani kutwa, mimi naishia miaka sita. Mpira unakauka, nyufa nyembamba zinatokea ubavuni, na siku ya safari ndefu yenye mzigo ndipo unapopasuka. Spea nayo ina umri. Kuna magari yanatembea na spea iliyokuja nayo kutoka Japani, haijawahi kuguswa.

Tairi lililoota nundu ubavuni halina mjadala. Nyuzi za ndani zimekatika, kwa kawaida kwa kugonga shimo au ukingo wa barabara, na hakuna kiraka kinachorudisha nyuzi. Toa siku hiyo hiyo. Pancha ya ubavuni nayo usimruhusu fundi aizibe kwa kamba. Kuziba ni kwa sehemu inayokanyaga barabara tu.

Kabla hujalipa, soma pia namna la zamani lilivyolika. Limelika kingo zote mbili: upepo ulikuwa mdogo. Limelika katikati: ulizidi. Limelika upande mmoja: alaimenti imeharibika. Lina mabonde-mabonde: mwone fundi wa shokapu kwanza. Usiporekebisha hayo, jipya nalo litalika vilevile.

Nafasi ya kwanza: mapya ya daraja la kati

Hapa naweka Hankook na Kumho za Korea, Maxxis ya Taiwan, GT Radial, na Apollo ya India. Kwa mtu anayeendesha mjini na kusafiri mkoani mara chache kwa mwaka, hapa ndipo fedha inapofanya kazi vizuri zaidi. Piga hesabu ya kilomita, si ya bei. Tuseme tairi la shilingi 120,000 za Tanzania linakufikisha kilomita 25,000, na la shilingi 200,000 linakufikisha 50,000. La kwanza linakula shilingi 4.80 kwa kilomita, la pili shilingi 4. Tena la bei rahisi utalifunga mara mbili, na kila mara utamlipa fundi.

Mengi ya haya yana maandishi ya TREADWEAR na namba, kwa mfano 300 au 480. Namba ikiwa kubwa, mpira unatarajiwa kudumu zaidi. Ila kila kampuni hujipimia yenyewe, kwa hiyo itumie kulinganisha matairi ya kampuni moja, usiichukue kama mizani ya soko zima.

Nafasi ya pili: majina makubwa

Michelin, Bridgestone, Continental, Yokohama, Dunlop, Goodyear. Ubora wake kwenye breki na maji haubishaniwi sana. Nimeyashusha kwa sababu ya bei, na kwa sababu dukani jina kubwa hutumika kuuzia tairi lililokaa stoo miaka minne. Kama kazi yako ni Dar kwenda Mbeya kila wiki, au Nairobi kwenda Mombasa, yapandishe yawe ya kwanza. Omba yaliyotengenezwa ndani ya miaka miwili, na muuzaji akikuambia "tarehe haina shida," nenda duka la pili.

Nafasi ya tatu: ya China yenye jina

Linglong, Sailun, Triangle, Westlake. Dharau ya zamani kwamba "la Mchina" halidumu haiwatendei haki hawa. Ni viwanda vikubwa vinavyouza duniani kote. Kwa gari la mjini yanatosha. Yasiyo na jina lolote unalolijua, yenye bei ya chini ya kushangaza, yaache.

Wenye HiAce, Noah za mzigo na Probox

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokosea sana. Tairi la HiAce mara nyingi ni 195/80R15 lenye namba 107/105 na herufi LT au C, alama ya tairi la gari la mzigo. Hiyo 107 maana yake ni kilo 975 kwa tairi moja. Tairi la saluni, yaani gari dogo la kawaida, la 195/65R15 huwa na 91, yaani kilo 615. Yote mawili ni ya rimu 15, kwa hiyo yote yanaingia kwenye rimu hiyo hiyo. Fundi akikufungia la saluni kwa sababu "ni rahisi na linakaa vizuri," umepoteza kilo 360 za uwezo kwenye kila tairi, halafu unapakia abiria na magunia. Tairi lililozidiwa linajikunja ubavuni kila mzunguko, linachemka, linapasuka. Kwa gari la mzigo, LT au C ya nafasi ya tatu ni bora kuliko tairi la saluni lenye jina kubwa.

Mtumba, nafasi ya mwisho

Najua bei yake inavutia. Kuna mawili ya kuogopa. Moja ni matairi ya theluji kutoka Japani: yameandikwa STUDLESS, au Blizzak, au Ice Guard, na meno yake yamechanjwa mistari myembamba mingi. Yanaonekana mapya na meno yake ni marefu. Mpira wake ni laini kwa ajili ya barafu. Kwenye lami yetu unalika haraka na gari linayumba kwenye kona. Pili ni yaliyochongwa upya kwa kifaa cha moto. Tia kidole ndani ya mfereji: ukikuta kingo zenye mikwaruzo ya kisu, au vinundu vya TWI vimekatwa, rudisha. Aliyechonga amekaribia nyaya za ndani ya tairi.

Kama huna namna, chukua lenye chini ya miaka minne, lisilo na kiraka ubavuni.

Siku ya kufunga

Ukinunua mawili tu, mapya yaende nyuma, hata kama gari linavuta mbele. Nyuma ikiteleza kwenye maji, gari linazunguka. Dai valvu mpya na balansi. Upepo usikubali ule wa "arobaini wote" wa mazoea. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko. Kikisema 230 kPa, ni psi 33, na hupimwa asubuhi kabla gari halijatembea. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza nati tena, kisha zungusha matairi mbele na nyuma kila kilomita 10,000.

Yale ya zamani fundi atasema atakusaidia kuyatupa. Kabla hujaondoka, mwambie ayachane ubavu mbele yako, la sivyo mchongaji atayapata kabla ya jioni.