Mkopo wa mshahara: usiangalie riba peke yake, angalia kuongeza mkopo katikati ya njia

Kwenye matawi ya benki za Tanzania, mkopo wa wafanyakazi unatangazwa kuliko karibu bidhaa nyingine zote. Benki inaupenda kwa sababu rejesho linakatwa kwa mwajiri kabla mshahara haujamfikia mwenyewe. Mfanyakazi anaupenda kwa sababu haudai hati ya nyumba. Kwa anayejenga, au anayesomesha mtoto chuoni, si bidhaa mbaya. Tatizo ni kwamba watu wanalinganisha benki kwa namba moja tu, ile ya riba kwenye bango, wakati fedha nyingi zinatokea kwenye milango mingine.

Tupige hesabu ya mkopo mmoja tuutumie mpaka mwisho: shilingi 10,000,000, riba 17% kwa mwaka, miezi 60. Riba ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi, rejesho ni 248,525 kwa mwezi, na mpaka unamaliza umelipa kama 14,911,500. Sasa aje mkopeshaji mwingine akwambie kwake ni 10% tu, lakini inahesabiwa juu ya mkopo wote kila mwaka mpaka mwisho. Riba ni 1,000,000 kwa mwaka, miaka mitano 5,000,000, rejesho 250,000. Kumi yake imeizidi kumi na saba ya mwenzake! Kwa hiyo swali la kwanza dirishani lisiwe "riba asilimia ngapi". Uliza: nikichukua kiasi hiki kwa miezi hii, rejesho ni shilingi ngapi, na jumla nitalipa shilingi ngapi? Afisa mikopo akishindwa kukuchapia jedwali la marejesho, ondoka.

Kabla hata ya kufika huko, jua unachoweza kukatwa. Kanuni ya makato inataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Chukua mtumishi wa umma wa mshahara wa 1,000,000. Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, 5% ni 50,000. Kodi ya mshahara, PAYE, kwa 950,000 zinazobaki ni 115,500. Bima ya afya 3% ni 30,000, chama cha wafanyakazi 2% ni 20,000, na kama alisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, 15% ni 150,000. Jumla 365,500. Toa na theluthi ya 333,333 isiyoguswa, nafasi ya rejesho ni 301,167. Mkopo wetu wa 248,525 unaingia, lakini ukishaingia anabaki na 385,975 mkononi kwa miaka mitano. Hesabu hii ifanyike nyumbani, na mwenza akiwepo, siyo mbele ya afisa ambaye ana lengo la mauzo la mwezi.

Mlango wa kwanza wa kuvujia ni makato ya siku ya kwanza. Kuna ada ya uchakataji wa mkopo na kuna bima ya mkopo. Viwango vinatofautiana, tuchukue 2% kwa kila moja. Ada ni 200,000, juu yake VAT ya 18% ambayo ni 36,000, na bima 200,000. Kwenye akaunti zinaingia 9,564,000, lakini riba inahesabiwa kwa 10,000,000 kamili. Halafu kuna kipindi kati ya siku fedha zilipoingia na makato ya kwanza. Mkopo ukiingia tarehe 3 na mishahara ya mwezi huo ilishafungwa, riba ya siku hizo zote inaongezwa kwenye deni, ndiyo maana baadhi ya watu hukuta salio la mwezi wa pili limezidi kiasi walichokopa. Si wizi, ila lisemwe mapema, na likiwezekana omba mkopo uingie karibu na tarehe ambayo mwajiri anapeleka orodha ya makato.

Bima nayo ina jambo lake. Ile unayolipia kwa kawaida inamlipa mkopeshaji ukifariki au ukipata ulemavu wa kudumu. Kuachishwa kazi mara nyingi hakumo, na ndiko wengi wanakodhani wamekingwa. Soma ukurasa wa masharti ya bima, siyo kipeperushi.

Sasa tufike kwenye kidonda chenyewe. Baada ya miaka miwili simu inaita: "Ndugu mteja, unastahili kuongeza mkopo." Wengi huiita top-up. Angalia kilichotokea kwenye mkopo wetu. Kwa miezi 24 umelipa 5,964,600. Kati ya hizo, kama 2,935,000 zilikwenda kwenye riba, na deni limepungua kwa 3,029,000 tu. Bado unadaiwa karibu 6,971,000. Ndivyo hesabu ya salio linalopungua inavyofanya kazi: rejesho la kwanza la 248,525 lina riba 141,667 ndani yake, na deni lenyewe linapunguzwa 106,858. Miaka ya mwanzo riba inakula sehemu kubwa ya rejesho, miaka ya mwisho ndiyo karibu lote linalipa deni.

Ukikubali kuongeza, benki inakuandikia mkopo mpya wa 10,000,000 kwa miezi 60. Inajilipa 6,971,000 za zamani. Zinabaki 3,029,000. Lakini ada na bima zinakatwa juu ya 10,000,000 zote, ile 436,000 tena, ingawa 6,971,000 kati yake ulishazilipia ada miaka miwili iliyopita. Mkononi zinaingia 2,593,000. Ada hiyo ni zaidi ya 14% ya fedha mpya ulizopewa. Rejesho halijabadilika, ni 248,525 lile lile, na hapo ndipo mtu anapodanganyika, maana kwenye slipu ya mshahara hakuna kinachoonekana kuongezeka. Kilichoongezeka ni miezi 24 mwishoni. Miezi 24 mara 248,525 ni 5,964,600. Umepokea 2,593,000, utazilipia 5,964,600. Ukifanya hivyo kila baada ya miaka miwili mpaka unastaafu, hutafika kamwe kwenye ile miaka ya mwisho ambayo karibu rejesho lote linapunguza deni.

Kama shida ni ya kweli na huna pengine pa kwenda, usikubali fomu kama ilivyoletwa. Omba mkopo uongezwe kiasi, lakini tarehe ya kumaliza ibaki ile ile. Kwa mtumishi wetu mwenye nafasi ya 301,167, miezi 36 iliyobaki inabeba deni la kama 8,447,000, maana yake anaweza kupata nyongeza ya karibu 1,476,000 kabla ya ada bila kusogeza mwaka hata mmoja. Omba pia ada ikatwe juu ya nyongeza peke yake. Kuna matawi yanayokubali, hasa mteja akija na jedwali lake mkononi, na kuna yanayokataa kabisa. Na uliza bima ya mkopo wa zamani: ulilipia miezi 60, umetumia 24, sehemu iliyobaki inarudi au hairudi? Jibu litolewe kwa maandishi.

Mkopo kununuliwa na benki nyingine, yaani benki mpya inalipa deni la zamani na wewe unadaiwa nayo, ni habari tofauti kidogo. Unaweza kufaa riba ikishuka kwa pointi tatu au nne na muda uliobaki bado mrefu. Kinachoharibika ni barua ya salio la kumaliza mkopo. Benki ya zamani inaitoa ikiwa na tarehe ya mwisho. Fedha zikichelewa kupita tarehe hiyo, salio limeshapanda, benki mpya imelipa pungufu, na mkopo wa zamani unabaki wazi kwa, tuseme, shilingi elfu themanini ambazo zinaendelea kuzaa riba na faini. Uliza pia adhabu ya kumaliza mkopo kabla ya muda. Iingize kwenye hesabu kabla hujasaini popote.

Upande wa SACCOS, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, sifa nyingi zinazotolewa ni za haki, lakini nazo zinahitaji kalamu. Riba ya 1% kwa mwezi juu ya salio inakupa rejesho la 222,444 kwa zile 10,000,000 kwa miezi 60, pungufu ya benki kwa 26,081 kila mwezi. Shida ya kwanza ni muda. SACCOS nyingi hutoa miezi michache zaidi, na kwa miezi 36 rejesho ni 332,143, ambalo mtumishi wetu haruhusiwi kukatwa. Chama kinachogawa deni sawa kwa sawa kila mwezi na kuongeza riba juu, rejesho la kwanza ni 377,778. Wanachama wengi hukataliwa hapo na kudhani ni fitina za kamati ya mikopo, kumbe ni theluthi.

Shida ya pili haisemwi sana. Ukiwa kwenye chama kinachokopesha mara tatu ya akiba, 10,000,000 zinadai uwe na akiba ya kama 3,333,000, na haitoki mpaka umalize. Kwa hiyo fedha za wenzako ulizopewa kweli ni kama 6,667,000, huku ukilipa riba ya 100,000 mwezi wa kwanza. Hiyo ni 1.5%, siyo 1%. Deni likishuka mpaka 5,000,000, fedha za wenzako ni 1,667,000 na riba ni 50,000: 3% kwa mwezi. Deni likishuka chini ya akiba yako, unalipa riba kwa fedha zako mwenyewe. Riba ya akiba na gawio la hisa hupunguza makali, kama chama kinagawa kila mwaka. Ushauri wetu kwa mwanachama: ukikaribia kiwango hicho, elekeza marupurupu yoyote kumaliza salio mapema. Na kwa asiye mwanachama: usijiunge ili ukope. Jiunge kama utaweka akiba hata bila mkopo. Hapo SACCOS inaishinda benki bila ubishi. Kabla ya kulipa kiingilio, taka kuona leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Usimdhamini mtu usiyejua slipu yake, kwa sababu akiacha kazi, akiba yako ndiyo inashikwa.

Mikopo ya kwenye simu na ya mitaani, ile ya kausha damu, haistahili aya ndefu. Ada ya 10% kwa siku 30 ni 120% kwa mwaka. Wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 waliwekewa ukomo wa riba ya 3.5% kwa mwezi, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Anayekukata ada kubwa mwanzoni ili riba ionekane 3.5% anakwepa ukomo huo, ripoti.

Na siku ya kumaliza mkopo, usitoke tawini bila barua ya kutodaiwa yenye mhuri na tarehe. Kopi moja ipeleke kwa mhasibu wa mwajiri siku hiyo hiyo, kabla mishahara haijafungwa, kwa sababu makato yasiposimamishwa yanaendelea yenyewe. Yakikatwa, andika barua ya madai kwa benki, ambatisha slipu ya mwezi husika na ile barua, na taka namba ya malalamiko. Wasipojibu, ndiyo unakwenda Benki Kuu ukiwa na namba hiyo. Baada ya miezi miwili omba taarifa yako ya mikopo kwenye taasisi ya taarifa za mikopo uone kama mkopo umeandikwa umefungwa. Ukiwa bado wazi, benki utakayokwenda mwaka kesho itaona deni ambalo hudaiwi.