Shindano la Bolt Action mwisho wa wiki: listi wazi, safi sana, ila fonti jamani

Mnaoishi Uingereza na mnacheza geimu za vita za mezani kama Bolt Action, ile ya Vita vya Pili vya Dunia, mtakuwa mnajua hii kero, unafika mezani, mpinzani anapanga askari wake, ukimuuliza vikosi vyake vikoje anakwambia "utaona tu". Sasa hawa jamaa wa klabu niliyoenda juzi wameikomesha kabisa na ndo maana nawapa nyota nne.

Listi, yaani orodha ya vikosi vyako na pointi vinazogharimu, unatuma kabla, wanaikagua pointi kwa pointi, yenye kosa inarudishwa. Siku yenyewe kila mtu anapewa nakala zake zilizochapwa, unamkabidhi mpinzani moja, halafu kuna dakika za kusoma na kuulizana kabla dadu yoyote haijarushwa. Refarii anapita kuhakikisha watu wamesoma kweli, sio kukunja na kutia mfukoni.

Kwa Bolt Action hili ni muhimu kuliko geimu nyingi kwa sababu ubora wa askari hauonekani kwa macho. Tulicheza toleo la pili, lile la 2016, wenyeji bado hawajahama. Chukua watu kumi wenye bunduki, wakiwa makuruta ni pointi 70, wakiwa wazoefu ni 130, na mezani wanafanana kila kitu, kofia ileile rangi ileile. Ila risasi ikishampata kuruta unahitaji dadu ya 3 tu au zaidi kumwangusha, askari wa kawaida 4, mzoefu 5. Sasa kama sijui nani ni nani nalenga wapi?? Halafu kuna panzerfaust za Wajerumani, zile silaha za mkononi za kulipua vifaru, pointi 5 moja, inchi 12, inatoboa karibu kifaru chochote, na wengi hawaibandiki kwenye mwanasesere. Shindano jingine nililowahi kwenda (sitalitaja) jamaa alikaa kimya mpaka nimesogeza kifaru changu cha Lee ndo akasema "ah hawa wanazo mbili". Refarii wa kule akasema ni mbinu za kivita. Mbinu gani hiyo bana, huo ni ujanja wa mjini.

Najua wapo wanaosema kamanda wa kweli hakuwa na listi ya adui. Sawa, lakini geimu yenyewe ishaweka giza la kutosha, dadu za amri, zinazoamua zamu ya nani, zinachotwa mfukoni moja moja na hakuna anayejua rangi ya nani itatoka, na vikosi vya kuzunguka ubavuni unaandika kwa siri watatokea upande upi. Siri hizo zipo kwenye kanuni na sote tunazo sawa, mi sina neno nazo. Pia kamanda wa kweli alikuwa na maskauti na ripoti, na akipiga darubini anaona wale wanatembea kama wanajeshi au kama watu waliookotwa jana.

Mi nlicheza na King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wale wa Divisheni ya 11 walioshuka bonde la Kabaw kule Burma 1944, na mechi ya kwanza nikapangiwa Wajerumani wa Normandy, ndo mashindano hayo ramani haihusu. Mpinzani mzee mmoja mstaarabu, akasoma listi yangu akauliza mbona wote wazoefu, nikamwambia babu zetu hawakuwa makuruta mzee, akacheka, tukaanza. Akanipiga vizuri tu na sikuwa na la kulalamika maana kila kilichoniua nlikisoma kabla.

Nyota moja nimekata kwa sababu listi zimechapwa kwa maandishi madogo mno, taa za ukumbi hafifu, watu wazima tunawasha tochi za simu. Halafu chakula ni mkate na nyama ya nguruwe au mkate na soseji ya nguruwe, mi nikaishia chipsi. Maegesho bure, meza zina nafasi, mandhari ya nyumba na miti wametengeneza vizuri.

Anayetaka kwenda atume listi mapema, wakikurudishia unakuwa na muda wa kurekebisha, ya dakika za mwisho hawapokei.