Kidude cha ELM327 cha Bluetooth: kinasaidia wapi gari likitetemeka sailensa

Ni kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani na kuongea na simu. Kwa mwenye IST, Vitz, Spacio au Corolla ya zamani inayotikisika sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, kila ikisimama kwenye foleni, kinafaa kununuliwa, ila si kwa sababu ya kusoma kodi (namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari). Thamani yake iko kwenye namba zinazocheza injini ikiwa inaunguruma. Wengi husoma kodi, hufuta, kisha hukitupa kwenye droo, na hapo wameacha sehemu kubwa ya kile walicholipia.

Malalamiko mengi hutokana na kuunganisha. Namba ya siri ni 1234 au 0000. Mwenye iPhone asichukue cha Bluetooth ya kawaida, atafute cha Wi-Fi au kilichoandikwa Bluetooth LE. Halafu kuna tatizo la Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000: nyingi zina soketi ileile, lakini hazijibu OBD2 ya kawaida (lugha ya pamoja ya kupima magari), hivyo programu inazunguka tu na kusema haijapata ECU, yaani kompyuta ya injini. Gari si bovu. Tumia programu inayokuruhusu kuchagua profaili ya Toyota ya Japani, kama Car Scanner. Usiamini maandishi ya boksi: nakala nyingi zimeandikwa v1.5, toleo ambalo Elm Electronics hawakuwahi kulitoa. Nakala nyingine zimepunguzwa amri, na hizo ndizo zinazogoma kwenye magari haya. Mwambie muuzaji akijaribu kwenye gari lako kabla hujatoa hela.

Kikigoma kabisa, nyingi ya Toyota hizi zina njia yake. Unganisha pini ya 4 na ya 13 za soketi hiyo kwa kipande cha waya, weka swichi ON bila kuwasha injini, kisha hesabu taa ya cheki injini inavyowaka na kuzima. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kodi. Mara mbili, kituo, mara tano ni 25: hewa nyingi, mafuta machache. 31 ni sensa ya hewa, 21 ni sensa ya oksijeni. Usiguse pini ya 16, ina umeme wa betri muda wote.

Kabla ya kuchomeka chochote, lipe gari moto, zima AC, sikiliza likiwa N, halafu tia D ukiwa umekanyaga breki. Likitulia N na kutikisika D huku mshale wa RPM umesimama imara, shuku mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini. Kidude hiki hakioni mauntingi hata kidogo, na hapa ndipo watu wanaponunua plagi na koili bure. Fungua boneti, vuta hendibreki, watu wakae pembeni, mtu akanyage breki na kupeleka gia D kisha R huku akigusa mafuta kidogo. Injini ikinyanyuka au kugonga, jibu umelipata. Mauntingi ya upande wa mikanda mara nyingi ina mafuta ndani: ukiona michirizi myeusi au raba imechanika, imekufa. Na angalia unachoweka, kwa sababu mauntingi ya bei poa yenye raba ngumu hupeleka mtetemo mpaka kwenye usukani ingawa imetoka boksini leo.

Mshale ukiyumba, sasa ni zamu ya kidude. Weka namba nne tu kwenye kioo: joto la maji, hewa inayoingia kwa gramu kwa sekunde, STFT na LTFT (marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu). Ukijaza kumi, magari haya ya zamani hujibu polepole na utakuwa unasoma habari iliyopita. Injini ya 1NZ-FE ya 1.5 yenye gia otomatiki, ikishapata moto, hukaa karibu na 700 RPM na kuvuta hewa kama gramu 2. Joto lifike 80 au zaidi. Likikwama 65 au chini yake, themostati imebaki wazi au fundi aliitoa, na ECU inaendelea kumwaga mafuta kana kwamba ni asubuhi ya baridi.

STFT na LTFT ni asilimia ya mafuta ambayo ECU inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Zijumlishe. Ndani ya 10, juu au chini, usihangaike. Tuseme sailensa unaona LTFT +18 na STFT +6, jumla +24. Panda hadi 2,500 RPM, shikilia nusu dakika. Jumla ikishuka kuelekea +5, kuna hewa ya wizi inaingia baada ya sensa ya hewa: tundu ni lilelile, lakini sailensa injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo tundu linaonekana kubwa. Ikipanda badala ya kushuka, angalia sensa ya hewa iliyochafuka, filta ya mafuta au pampu iliyochoka.

Kuitafuta hewa hiyo ndiko kidude kinakolipa gharama yake. Rudi sailensa, zungushia koleo kitambaa, bana mpira mmoja mmoja: wa PCV (unaorudisha mvuke wa injini), wa servo ya breki, vimipira vidogo vya manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda). Ukibana wenye tundu, STFT inadondoka papo hapo, kutoka +6 hadi hasi, na injini inabadilisha mlio. Gasketi ya manifoldi haibaniki, hivyo nyunyizia maji kidogo kwenye maungio yake na usikilize. Wanaonyunyiza kabureta klina juu ya injini ya moto wanacheza na moto kweli.

STFT na LTFT zikiwa sawa lakini injini inamisi (silinda inaruka bila kuchoma) kwa mpigo ule ule, tazama kodi za P0301 hadi P0304, tarakimu ya mwisho ndiyo silinda. Hamisha koili ya 1 kwenda 3, futa kodi, endesha. P0301 ikigeuka P0303, nunua koili moja tu. Ikibaki palepale, nenda kwenye plagi, kisha nozeli, kisha pima kompresheni. Gari lisipotoa kodi hizo, chomoa soketi ya koili moja moja kwa sekunde chache: silinda isiyoleta tofauti ndiyo iliyolala. Plagi ya K16R-U11 inataka mwanya wa milimita 1.1.

RPM ikishuka karibu na 500 na kupanda tena bila kumisi, safisha throto (mlango wa hewa ya injini) na njia ya hewa ya sailensa kabla ya kununua spea yoyote. Baada ya hapo sailensa inaweza kuwa juu kwa muda hadi ECU ijizoeshe.

Kidude hiki kinakula umeme hata gari likizimwa. Likilala siku kadhaa nacho kikiwa kimechomekwa, betri iliyochoka haitawasha.